Mwendo wa Mama Maziwa

Ukitaka kumwiga mtu anayeshuka mlima, usianze na miguu. Anza na mgongo. Ulaze nyuma kidogo, kama unaegemea ukuta ambao haupo, kisha kanyaga kwa kisigino, goti liwe laini, mkono mmoja ushike kibuyu cha maziwa begani. Kidevu juu. Halafu, na hapa ndipo kicheko kinapotoka, tembea hivyohivyo kwenye mchanga wa pwani ya Baraka, mji wetu wa ziwani, palipo tambarare kama meza.

Ndivyo alivyotembea mama mmoja wa milimani aliyekuwa akituletea maziwa, wakati mimi bado nina shingo ya kubeba beseni mbili za ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu tunaowaanika juani. Alitoka juu kabisa, kwenye majani ya ng'ombe, na akifika kwetu chini miguu yake ilikuwa haijapata habari kwamba mlima umekwisha.

Jina lake ninalijua. Sikupita darasa la tatu, lakini majina hayanitoki. Najua ya wote waliotandika karibu nami sokoni, na ya watoto wao, hata wale waliokufa wadogo. Hapa sitaandika hata moja. Watu wa habari hii wanakutana kila siku sokoni na kwenye bomba la maji, na wengine hawajamaliza kuombana msamaha.

Sisi wawili hatukuitana kwa majina vilevile. Nilimwita Mama Maziwa, akaniita Mama Ndagala. Siku ya kwanza nilipomwiga mbele ya wenzangu nilidhani atakasirika. Alitua kibuyu chini, akakaza kitenge chake, akaniiga mimi. Sitasema alifanya nini, kwa sababu sikuona vizuri. Nilikuwa nimejifunika uso kwa aibu, na soko lote linapiga makofi. Tangu siku ile ikawa sheria yetu. Ukimwiga mwenzako, huondoki mpaka naye akuige. Maziwa hayamiminwi na ndagala hazipimwi kabla kicheko hakijaenda na kurudi.

Kisha vita vikaanza kupanda na kushuka njia ile ile yake. Hakushuka tena. Mwendo wake nikabaki nao.

Niliutumia kuchekesha wajukuu. Ndagala zikishakauka tunazimwaga kwenye shitingi, lile turubai la plastiki, tunakaa kuzunguka, tunatoa mchanga na vijiwe, na kazi ile inachosha macho. Watoto wakianza kusinzia, nilisimama nikashuka mlima pale uani. Mjukuu wangu mmoja, binti, aliushika mwendo ule kuliko wote. Nilimsahihisha mimi mwenyewe: "Kidevu, mama. Inua kidevu. Yule hakuwa mtu wa kuangalia chini."

Kosa langu liko hapo. Niliwafundisha mwendo wa Mama Maziwa tu. Mimi mwenyewe sikujua kujiiga. Nani anajua kujiiga?

Mwaka huu mjukuu yule yuko darasa la mwisho la sekondari, wanajiandaa kwa mtihani wa taifa. Shuleni wana kikundi cha teatre, cha michezo ya kuigiza. Siku moja walicheza uwanjani pa shule, wote wakiwapo, na kijana mmoja akachukua video, ikaanza kuzunguka kwa simu za watu. Ilifika sokoni kabla yangu. Muuza chumvi aliniwekea telefone mbele ya uso: "Angalia mujukuu wako!" Nikamwona mjukuu wangu amevaa kitenge changu, amebeba kibuyu changu, anashuka mlima. Nilicheka mpaka machozi. Nilicheka kwa sauti, nikasema kila mtu asikie kwamba mwendo ule ni wa kwangu, nimeufundisha mimi. Kelele za sokoni zilikuwa nyingi, maneno ya mchezo sikuyasikia. Nilichukua mwendo tu.

Kwa majuma mawili mjukuu wangu hakula vizuri. Nikadhani ni mtihani. Siku nilipomuuliza, alinijibu huku anachora mchangani kwa kidole.

"Tate, ule mwenzangu wa banki haji tena."

Tate ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita. Na mwenzake wa banki, yaani wa dawati moja darasani, nilimfahamu kwa sura: binti wa milimani, mrefu, mpole, familia yake ilishuka kukimbia mapigano na sasa wamepanga nyumba upande wa juu wa mji. Walikaa banki moja miaka miwili, wakisoma kitabu kimoja.

"Anaumwa?"

"Hapana. Toka teatre. Mama yake anasema kama hapa banamucheka, atamutuma Uvira kwa shangazi. Akienda sasa hatafanya mutihani. Mwaka wake unakufa, Tate."

"Kwa mwendo tu?"

Akaniletea simu, akaniwekea video pale uani palipotulia, na safari hii nikasikia. Katika mchezo wao Mama Maziwa anafika Baraka, anaomba kiti. Wanamuuliza: "Kwenu ni wapi?" Anasema anataka kuuza maziwa. "Kwenu ni wapi?" Anaomba maji ya kunywa. Wote kwa pamoja, na watazamaji wote nao: "Rudi kwenu!" Kila mara kicheko kinapanda. Na mjukuu wangu anageuka, kidevu juu kama nilivyomfundisha, anaupanda mlima anarudi.

Sikucheka. Nimezika watu waliouawa upande wa Makobola. Maneno yanayotangulia mambo kama yale nayajua, yana sauti ile ile ya watu kufurahi pamoja.

Profesa wao, mwalimu wa Kifaransa, naye alikuwa ameisikia. Hakupiga mtu. Aliwapa mjadala wa Ijumaa, darasa zima: je, kejeli kwenye redio na kwenye simu inapigana na ubaguzi, ao inaulisha? Siku ya Jumatano mjukuu wangu alikuja na wenzake wawili kutayarisha. Mmoja ni yule kijana wa video, mtoto wa mfanyabiashara wa Kilembwe, mdomo mkubwa na roho nzuri. Mwingine ni binti wa katekista, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Niliwaambia uani kwangu hakuna mikono mitupu, kila mmoja achukue ungo. Wakakaa kwenye shitingi, wakaanza kutoa mchanga na kubishana.

"Muone hii," kijana wa Kilembwe akasema, simu mkono mmoja na ndagala mkono mwingine. "Bazungu banarushia muchezaji mweusi ndizi! Uwanja muzima, na bazee benye mvi! Iyi njo ubaguzi. Andika."

"Nimeandika. Mufano wa kwanza," binti wa katekista akasema. "Wa pili?"

"Vile vitabu vya kale vya michoro. Mutu mweusi anachorwa midomo kama mikate miwili, anasema Kifaransa cha mutoto. Balisema ni kuchekesha tu."

"Wa tatu?"

Mjukuu wangu akainamia ungo wake.

"Wa tatu ni teatre yetu," binti wa katekista akasema, na kalamu tayari inatembea.

"We, futa hiyo! Ile ni satire, kejeli ile ya profesa. Satire inachekesha na kufundisha."

"Ilifundisha nini?"

"Ilifundisha... batu balicheka sana!"

"Sikuuliza hivyo, mufundi wa video."

"Ubaguzi ni kitu ya bazungu. Siye wote ni beusi. Mweusi atabagua mweusi na nini?"

"Na pua," akasema binti wa katekista. "Na urefu. Na lugha ya mama yake. Profesa alisema satire inapiga mutu mwenye nguvu. Gavana. Komanda wa bariere ya njiani mwenye kuchota chumvi ya bamama bila kuomba. Sasa Mama Maziwa iko na bariere gani? Aliwahi kukuomba nini weye, isipokuwa kiti?"

Kijana akacheka mwenyewe, hakuweza kujizuia. Kisha uso wake ukakaza.

"Sawa. Lakini na siye? Batu betu balipokufa, nani alitulilia? Weye mwenyewe, babu yako iko Makobola mule chini."

Nilinyanyua macho. Nilidhani sasa ungo utaruka. Binti wa katekista alifunga daftari.

"Babu yangu usimutumie. Ni wangu, si wa mujadala yako. Minajua kaburi lake kuliko weye. Na minajua ule binti wa milimani hakuwa amezaliwa. Na baba yake mudogo alilala kwenye majani kule juu, hata kaburi hawakumupa. Aliniambia yeye. Weye ulishamuuliza kitu, toka afike?"

Kijana akaokota kijiwe, akakitupa mbali. Akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba alipofika Baraka wakati wake, kutoka Kilembwe, walimwita mtu wa porini, wakamsukuma ziwani waone kama anajua kuogelea. Hakujua. "Hapo njo nilijifunza kuchekesha," akasema. "Ukichekesha wa kwanza, banaangalia mwingine."

Hapo ndipo nilipoingia. Nilikuwa nimekaa kimya kwa sababu mambo ya daftari si yangu, lakini lile la Mama Maziwa lilikuwa langu.

"Niambieni. Ule binti alikuwapo mulipocheza?"

"Alikuwa mule, Tate. Mustari wa mbele."

"Na baadaye mukamupa nafasi, naye abaige?"

"Tate," kijana akasema kwa upole, kama unavyosema na mzee aliyepotea, "ni teatre. Mutu hajibu teatre."

"Basi muliiba nusu."

Nikawaeleza sheria yetu, mimi na Mama Maziwa. Wakaacha kuchambua. Binti wa katekista akafungua daftari tena. Nilipomaliza, mjukuu wangu akasema sauti ndogo:

"Lakini hiyo nusu ingine, Tate, hukutufundisha."

"Ndiyo. Kosa ni langu."

"Hapana. Mwendo ni wako. 'Kwenu ni wapi' ni yangu. Miye njo niliiongeza. Nilisema mara moja kwenye kujifunza, bakacheka, nikaiweka tena na tena." Akaanza kulia juu ya ndagala zangu.

"Geuza uso," nikamwambia, "usizitie chumvi mara mbili."

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa ya shule, nilijaza bakuli ndagala safi, zisizo na hata chembe ya mchanga, tukapanda mimi na yeye mpaka upande wa juu wa mji. Magoti yangu yaliniuliza maswali njia nzima. Mama wa nyumba alitufungulia mwenyewe. Aliona bakuli, akaona kitenge changu nilichojifunga, akakitambua kutoka kwenye video, uso ukafungika.

"Karibuni," akasema, lakini mkono wake ukabaki kwenye mlango.

Binti yake alikuwa nyuma, ndani. Sanduku lilikuwa sebuleni, limefungwa kwa kamba. Nililiona, na mjukuu wangu aliliona.

"Mama," nikasema, "sikuja kukaa. Nilikuja kusema kosa. Mwendo ule miye nilimufundisha huyu mujukuu. Niliutoa kwa mutu aliyekuwa rafiki yangu, nikaugawa bila yeye kuwapo. Mutu akiomba musamaha anataja mwenye mali. Mwenye mwendo ule jina lake..."

Nikalitaja. Jina la ubatizo, na lile alilopewa na baba yake, na jina la mume wake.

Yule mama aliachia mlango. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama anayetafuta kovu.

"Na weye ni nani kwake?"

"Aliniita Mama Ndagala."

Aliinua kitenge chake mpaka magotini, hapo kwenye sementi kavu, akaanza kutembea akinyanyua miguu juu kama mtu aliye majini mpaka mapajani. Akanusa vidole vyake, akaviramba, akavinusa tena. Kisha akasimama mbele yangu, pua kwa pua, akapiga kelele kama ninayemuuzia yuko ng'ambo ya ziwa:

"NDAGALAAA! Za leo-leo, mama! Ukikataa utalia!"

Ilikuwa sauti yangu. Sauti ya wakati nina meno yote. Nilishika ukuta. Mjukuu wangu aliniangalia, akamwangalia yeye, akaniangalia tena, na mkono ukamwenda mdomoni, kwa sababu hata mimi leo, nikienda bombani, nanyanyua miguu hivyo. Sikuwahi kujua.

"Ule uliyemutaja ni mama yangu muzazi," yule mama akasema, sasa anahema na kucheka na kufuta macho. "Alituchekesha na weye mpaka alipokufa. Kule juu batoto bote banajua Mama Ndagala. Tulidhani ni hadithi tu."

Basi nilipata habari ya kifo chake hapo mlangoni, katikati ya kicheko. Nikakaa chini bila kukaribishwa mara ya pili.

Binti alikuwa ametoka ndani. Hakucheka. Alisimama mbele ya mjukuu wangu, wote wawili na unifomu, kwani na yeye aliivaa kila asubuhi, mama yake aliniambia baadaye, ingawa haendi.

"Mwendo haukunikasirisha," akasema. "Niliujua. Nilijiuliza tu umeutoa wapi. Ile ingine njo iliniuma. 'Kwenu ni wapi.' Weye unajua kwetu ni wapi. Ulikula kwetu. Na wakati bote balipiga kelele nilikutafuta macho, kwa sababu nilifikiri utaacha. Ukaendelea."

"Niliendelea," mjukuu wangu akasema.

"Kwa nini?"

"Balikuwa banacheka."

Kuna jibu ambalo mtu mzima akilipamba analiharibu. Binti akamgeukia mama yake, wakasema kwa lugha yao, maneno machache. Mama akatazama sanduku.

"Kesho ataenda kwa mujadala," akasema. "Sharti moja tu. Nikisikia neno lile tena, sanduku inaondoka."

Ijumaa niliomba ruhusa kwa prefe, mkuu wa shule, wakanipa kiti karibu na mlango wa darasa. Kijana wa Kilembwe alifungua mjadala. Alisema satire ni kisu cha jikoni, kisha akajikwaa, akasahau kisu kilikuwa cha kufanya nini, akasema basi atasema wazi: yeye ndiye aliyeisambaza video, na alifurahi kwa sababu siku ile hakuna aliyemwita mtu wa porini. Darasa halikujua licheke ao linyamaze. Binti wa katekista alisoma mifano yake, ndizi, michoro, na wa tatu.

Halafu binti wa milimani akasimama. Kijana wa Kilembwe, mazoea, akanyanyua simu.

"Weka chini kwanza," akamwambia. "Nusu haipigwi picha. Tukimaliza zote mbili njo utachukua."

Akanyanyua sketi kidogo, akaingia majini katikati ya mabanki. Alipofika mbele yangu na kunipigia kelele usoni, darasa lilipasuka, na profesa akageukia ubao mabega yakimtingishika. Nilichekwa na wanafunzi darasa zima, na walinitazama machoni. Nilijifunika uso kama zamani. Kisha mjukuu wangu akatoka na kibuyu changu, akashuka mlima, na wote wawili wakakutana katikati, maziwa na ndagala, wakaanza kubishana bei kwa maneno waliyoyatunga palepale, mabaya na matamu.

Ni katikati ya hapo sauti ilipotoka nyuma, sauti ya mvulana: "Kwenu ni wapi?"

Nilimwona mjukuu wangu anageuka na kibuyu juu, nikadhani atakirusha. Mimi akilini niliona sanduku na kamba yake.

Binti hakugeuka haraka. Aliteremsha sketi, akaipanga vizuri.

"Kwangu ni pale," akasema. "Banki ya pili, karibu na dirisha. Na weye umeweka sakoshi yako ya vitabu juu yake. Uitoe, niko na mutihani."

Wengine walicheka. Si wote. Wako wawili watatu waliobaki wamekunja mikono, nawajua kwa majina, na wazazi wao pia. Lakini yule mvulana alitoka nyuma, uso umemwiva, akachukua sakoshi yake. Mjukuu wangu akafuta banki ile vumbi kwa kitenge changu, na wakakaa.

Jumatatu binti alikuja uani kwangu baada ya shule, na vitabu vyake, wasome pamoja; sanduku lilikuwa limefunguliwa, ingawa mama yake aliambiwa yote. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo chenye kifuniko cha kusuka, mashanza ndani, yale maziwa yaliyoganda vizuri, nikasikia harufu yake kabla hajaketi. Nilinyosha mkono. Akakivuta nyuma.

"Mama anasema usikunywe kwanza. Anasema weye umechekwa mara mbili, kwetu na shuleni, na hujarudisha hata moja."

"Magoti yangu, mwanangu."

"Anasema sheria ni yako."

Mjukuu wangu alisogeza ungo, wakanifanyia nafasi kwenye mchanga. Nilisimama nimeshika bega lake, kisha nikaliachia. Mgongo kwanza.